Kwa nini VCD 20 hazienei katika flashi ya GB 16

FAMILIA nyingi za Mabanga na sehemu nyingine za Bungoma, hadi Kitale, zingali zimehifadhi kabatini visahani vinavyong'aa vyenye kumbukumbu zisizoweza kurekodiwa upya. Kuna picha za tohara ya Wabukusu, ambayo hufanywa mwezi Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili. Kuna arusi, na kuna hotuba za kumuse, ambapo omuswali huwahutubia waombolezaji baada ya mzee wa heshima kuzikwa. Katika miaka ya 2000, wapiga video wengi waliwakabidhi wateja kazi hizo kwa VCD, na baadaye kwa DVD.

Baadhi ya wazee wanaosikika humo wamekwisha kufariki. Visahani navyo vinazeeka. Rangi maalumu inayoandikwa kwa leza katika diski za kurekodia hufifia kwa joto, unyevu na mwangaza wa jua, na tarakilishi nyingi za kisasa hazina tena mahali pa kutia diski. Ndiyo sababu kuzihamisha kumbukumbu hizo hadi kwenye flashi au diski kuu si jambo la kuahirishwa. Hata hivyo, anayeifanya kazi hiyo bila kujua hesabu yake huenda akaacha nje kile alichokusudia kukiokoa.

Msingi wa hesabu yenyewe ni baiti, ambayo ni biti 8. Utata huanza katika vipimo vikubwa. Watengenezaji wa flashi na DVD huhesabu kwa makumi: megabaiti (MB) ni baiti 1,000,000, na gigabaiti (GB) ni baiti 1,000,000,000. Lakini programu ya Windows huhesabu kwa mbili mbili, ambapo megabaiti ni baiti 1,048,576 na gigabaiti ni baiti 1,073,741,824. Mwaka 1998, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, liliidhinisha majina ya mebibaiti na gibibaiti ili kutofautisha vipimo hivyo viwili, ila majina hayo hayajazoeleka madukani.

Kwa hiyo, flashi iliyoandikwa GB 32 huonekana katika tarakilishi kuwa na GB 29.8 pekee. Mnunuzi hajapunjwa, ni idadi ile ile ya baiti iliyogawanywa kwa kipimo kikubwa zaidi.

CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kupitia kampuni za Philips na Sony, hufuata desturi nyingine. Diski ya dakika 80 ina sekta 75 kwa kila sekunde, yaani sekta 360,000. Kila sekta ikibeba baiti 2,048 za data, jumla ni baiti 737,280,000. Ukizigawanya kwa 1,048,576 utapata 703, na hapo ndipo maandishi ya MB 700 yalipotoka. CD basi imepimwa kwa mbili mbili, ilhali DVD ya kawaida ya GB 4.7 imepimwa kwa makumi: ina takriban baiti 4,700,000,000, ambazo tarakilishi huziita GB 4.37.

Tofauti hiyo ndiyo huwapotosha wengi. Anayegawanya 4.7 kwa 0.7 hupata 6.7, na akikadiria juu atasema DVD moja hubeba CD saba. Ukizigawanya baiti kwa baiti, jibu ni 6.4. CD zilizojaa zitakazoenea ni sita tu.

VCD ina siri yake. Katika CD ya data, sehemu ya kila sekta hutengewa taarifa za kusahihisha makosa ili hati isiharibike kwa mkwaruzo mdogo. Katika VCD, sehemu kubwa ya nafasi hiyo hupewa picha, kwa kuwa doa la nukta moja kwenye video huvumilika. Sekta hubeba baiti 2,324, na diski ya dakika 80 iliyojaa hufikia baiti 836,640,000, ijapokuwa kasha lake limeandikwa MB 700.

Tuseme familia moja ya Mabanga ina VCD 20 za aina hiyo, zote zimejaa. Anayezidisha 20 kwa MB 700 atapata GB 14. Atanunua flashi ya GB 16, ataona tarakilishi ikionyesha GB 14.9, na ataridhika. Kumbe VCD hizo zina jumla ya baiti 16,732,800,000, ilhali flashi ina takriban 16,000,000,000. Diski ya mwisho haitaingia. Flashi ya GB 32 ingezimeza zote na kubakisha nafasi kubwa.

Kuna kikwazo kingine kwa wenye DVD. Flashi nyingi za hadi GB 32 huuzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32, usiokubali faili moja inayofika baiti 4,294,967,296. Mtu anayenakili DVD iliyojaa kama faili moja atakataliwa hata kama flashi ni tupu. Dawa yake ni kuipanga flashi upya kwa exFAT kabla ya kuitia chochote, kwa sababu kuipanga upya hufuta yote yaliyomo.

Wanaotaka kuwatumia jamaa walio ng'ambo kupitia intaneti wakumbuke kwamba kasi ya mtandao hupimwa kwa biti. CD iliyojaa ina biti zipatazo bilioni 5.9. Kwa kasi halisi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, itachukua dakika 20 hivi.

Kanuni iliyo salama ni kuacha kutegemea maandishi ya kasha. Fungua sifa za kila diski katika tarakilishi, soma idadi kamili ya baiti, ujumlishe, kisha ununue chombo chenye nafasi zaidi ya jumla hiyo. Weka nakala mbili mahali tofauti. Na kabla ya kuitupa diski ya zamani, itazame nakala yake mpya kuanzia mwanzo hadi mwisho.