Unapoacha kidonge na usingizi ukakataa kuja

Lori linalofika Kobero, mpakani mwa Burundi, pale Butihinda inapopakana na Ngara ya Tanzania, limetembea zaidi ya kilomita elfu moja tangu bandari ya Dar es Salaam. Dereva amekaa macho njia nzima kwa kahawa, na sasa anaposubiri karatasi za forodha hapati hata lepe la usingizi. Juu mlimani kuna bibi anayegaagaa kitandani kwa maumivu ya magoti. Kuna pia mwanamume aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, anayeogopa kulala kwa sababu ya anayoyaona ndotoni. Hawa watatu hawana ugonjwa mmoja, lakini wote wanaweza kuishia kwenye kidonge kimoja: diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium.

Tuitendee haki dawa hii. Mtoto mwenye malaria kali akishikwa na degedege, diazepamu inaweza kumwokoa, na ndiyo maana vituo vya afya vinaihitaji. Ilianza kuuzwa mwaka 1963, kazi ya mkemia Leo Sternbach wa kampuni ya Roche, na ilikuwa salama kuliko dawa za usingizi zilizoitangulia, ambazo kuzidisha kidogo tu kulitosha kuua. Shida si usiku wa kwanza. Shida huanza pale usiku mmoja unapogeuka kuwa mwezi.

Ubongo una kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza seli za neva. Diazepamu na ndugu zake, kundi la benzodiazepini, huiongezea nguvu. Ukiimeza kila usiku, baada ya wiki chache ubongo unajirekebisha: unapunguza usikivu wake kwa GABA ili kufidia utulivu uliozidi. Kidonge kimoja hakitoshi tena, mtu anameza viwili. Kisha siku moja anaamua kuacha. Hapo ubongo unafanana na mtu aliyezoea kuzungumza kando ya mashine ya kusaga: mashine imezimwa, yeye bado anapaza sauti. Usingizi unapotea kabisa, moyo unadunda, mikono inatetemeka, jasho linatoka.

Naomba msomaji atulie hapa, kwani hapa ndipo watu wengi wananaswa. Anayekesha usiku wa pili au wa tatu baada ya kuacha hujiambia: “Kumbe siwezi kulala bila dawa.” Anarudi dukani. Lakini kukesha kule si ushahidi kwamba anaihitaji dawa. Kumesababishwa na dawa yenyewe, na kungepita. Hatari zaidi ni kwamba aliyetumia dozi kubwa kwa muda mrefu, akiacha ghafla, anaweza kupata degedege, lile lile ambalo dawa hii hutumika kulizuia. Kwa sababu hiyo miongozo ya tiba ya Uingereza huweka ukomo wa wiki mbili hadi nne, na ni aibu kwa duka lolote la dawa kumuuzia mtu pakiti baada ya pakiti bila kumuuliza ameanza lini.

Dereva ana hatari yake ya pekee. Diazepamu haiishi mwilini kunapokucha: inaweza kuchukua saa 20 hadi 50 kwa nusu yake tu kuondoka, na mabaki yake hukaa muda mrefu zaidi. Mtu anahisi ameamka, kumbe mguu wake unachelewa kufika kwenye breki. Zolpidemu, dawa mpya zaidi yenye sifa ya kuisha haraka, nayo ilileta matatizo ya aina hiyo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dozi ya wanawake ishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa asubuhi walikuwa bado na dawa ya kutosha damuni kuharibu uendeshaji. Na anayekoroma kwa nguvu huku pumzi zikikatika usingizini asiguse dawa hizi kabla ya kupimwa.

Kwa bibi, fikiria choo kilicho nje ya nyumba, njia ya mteremko na giza. Benzodiazepini huwayumbisha wazee, na nyonga iliyovunjika katika umri huo mara nyingi ndiyo mwanzo wa kulala kitandani moja kwa moja. Heri atibiwe magoti. Tena kidonge hiki kikichanganywa na urwarwa au pombe nyingine yoyote, kinaweza kuzima pumzi za hata kijana mwenye nguvu.

Yule aliyerudi kutoka kambini ndiye anayenigusa zaidi. Burundi, nchi iliyowakimbiza watu wake mwaka 1972, 1993 na tena 2015, ina wengi wa namna yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, lilisema watu wazima wasiolala katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha wasipewe benzodiazepini. Wanahitaji kusikilizwa na mtu aliyefunzwa. Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, Bujumbura, kina matawi Gitega na Ngozi, na Ngozi si mbali na Muyinga, jirani ya Butihinda.

Tiba inayopendekezwa kwanza kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu ni mazoezi ya tabia. Amka saa ile ile kila siku, hata kama ulilala vibaya. Usipopata usingizi kwa kama dakika 20, ondoka kitandani, ukae gizani mpaka usinzie. Usilale mchana. Kahawa iishe mapema, maana karibu nusu ya kafeini ya saa kumi jioni bado imo mwilini saa nne usiku. Wiki mbili za mwanzo ni ngumu, na wengi hukata tamaa hapo hapo.

Anayetumia vidonge kila siku kwa miezi asivitupe leo. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi huko Newcastle kuanzia 1982 hadi 1994, alipunguza dozi kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Daktari au muuguzi apange ratiba hiyo na mgonjwa. Siku zikiwa mbaya, mgonjwa abaki kwenye dozi aliyofikia mpaka atulie, ndipo ashuke tena.