Daftari la Kinyumenyume

Je, wajua kwamba zile tarakimu ndogo pembeni mwa matokeo ya utafutaji hazikuandikwa na mtu? Ingia kwenye hazina ya tasnifu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, utafute habari za mpunga. Pembeni utaona waandishi na mada, kila kimoja na idadi yake.

Ili kuona idadi hizo zinavyopatikana, tuseme kuna ghala Kihurio, kando ya barabara ya Same–Mkomazi, lenye magunia sita. Mwenye ghala haandiki daftari lake gunia kwa gunia, bali kinyumenyume. Ukurasa wa mchele una namba za magunia 1, 2, 4, 5. Wa maharage 3. Wa tangawizi 6. Kisha zilikotoka: Kihurio 1, 4, Mamba Miamba 3, 6, Ndungu 2, 5. Mteja akiulizia mchele, hakuna anayeinua gunia. Kurasa zinalinganishwa tu: Kihurio (2), Ndungu (2). Mamba Miamba ni sifuri, haitajwi.

Daftari hilo ndilo faharasa ya Lucene, maktaba ya programu aliyoianzisha Doug Cutting mwaka 1999, akaipa jina la kati la mkewe. Solr, programu ya utafutaji iliyojengwa juu yake, ilifika shirika la Apache mwaka 2006, nayo huhesabu hivi. Lucene yenyewe ilipata moduli yake ya kuhesabu mwaka 2011. Wazo ni la zamani zaidi: mwaka 1933 mkutubi wa Madras, S. R. Ranganathan, alitoa mfumo wa kupanga vitabu kwa sifa zao kadhaa kwa pamoja.

Kulinganisha herufi kunachelewesha, kwa hiyo majina hupewa namba: Kihurio 0, Mamba Miamba 1, Ndungu 2. Kompyuta inapitia matokeo, na kwa kila gunia inaongeza moja kwenye kisanduku chenye namba ya mahali lilikotoka.

Wajenzi wengi wa programu hukwama mteja anapobonyeza "Kihurio". Matokeo yanabaki mawili, na Ndungu inafutika pembeni ingawa mchele wake upo palepale. Mteja atalinganishaje? Dawa ni kuhesabu upya magunia yalikotoka kana kwamba hajabonyeza, huku sharti la mchele likibaki. Kazi inaongezeka, lakini bila hiyo tarakimu zinampotosha mtu.

Na gunia la 5 likigundulika limechanganywa mchele wa Ndungu na wa Kihurio? Litahesabiwa kote kuwili: Kihurio (3), Ndungu (2), jumla tano kwa magunia manne. Programu haijakosea, mwulize aliyechanganya.