Nguruwe, Choo na Kifafa Vijijini Kwetu

Mwezi huu tunaomba mtufuate hadi kijijini. Ukishuka garini Tunduma, Vwawa au Mlowo na kushika njia ya vumbi, hufiki mbali kabla hujaiona picha ambayo wengi wetu tumekulia ndani yake. Nyumba za matofali ya kuchoma, nyingine za bati na nyingine za nyasi. Mashamba ya mahindi na maharage, na upande wa Mbozi mibuni ya kahawa. Jikoni ni kibanda cha pembeni, na moto wa kuni kati ya mafiga matatu. Mwezi wa Juni na Julai, baridi inapokaza, familia nzima hukaa kuuzunguka moto huo.

Na nyuma ya nyumba kuna nguruwe. Kwa mkulima mdogo nguruwe ndiye benki. Hahitaji malisho makubwa kama ng'ombe, huzaa watoto wengi kwa mara moja, na akiuzwa hununua mbolea, sare na madaftari. Wakati wa kilimo hufungwa asiharibu mazao. Mavuno yakiisha, wengi humfungulia ajitafutie chakula mwenyewe.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Ugonjwa unavyozunguka

Yupo mnyoo aitwaye tegu wa nguruwe. Tegu mkubwa huishi ndani ya utumbo wa mtu, naye aweza kufikia urefu wa mita kadhaa. Mara nyingi mwenye naye hajui. Vipande vya tegu hutoka na choo kikubwa, na kila kipande hubeba maelfu ya mayai yasiyoonekana kwa macho.

Mtu huyo akijisaidia kichakani, nguruwe anayezurura hula kinyesi chake. Mayai huanguliwa tumboni mwa nguruwe, na watoto wa tegu huingia katika nyama yake, wakakaa humo kama vijifuko vidogo vyeupe. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva vizuri, naye hupata tegu. Mzunguko unaanza upya.

Lakini kuna njia ya pili, nayo ndiyo ya hatari zaidi. Mwenye tegu asiponawa mikono baada ya kutoka chooni, kisha akapika au akamlisha mtoto, mayai huingia kinywani mwa mwingine. Mayai huweza kufika pia kwa maji machafu, au kwa mboga na matunda yasiyooshwa. Ndani ya mwili wa mtu mayai hayo hufanya kama yanavyofanya kwa nguruwe: huwa vijifuko katika nyama, katika macho, na hata katika ubongo. Vikikaa katika ubongo, mtu huweza kuanza kuanguka kifafa.

Hebu tuangalie jambo hili kwa makini. Kula nyama yenye vijifuko humpa mtu tegu. Kumeza mayai ndiko kunakoweza kumletea kifafa. Kwa hiyo hata asiyeonja nyama ya nguruwe maisha yake yote hayuko salama, ikiwa jirani yake ana tegu na hana choo.

Ni jambo la kwetu kweli?

Ni la kwetu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watu 830 walipimwa katika vijiji 13 vya Wilaya ya Mbozi. Damu ya karibu mtu 1 katika kila 6 ilionyesha dalili za kuwa na vijifuko hivyo mwilini. Si wote wanaougua, lakini idadi hiyo si ya kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa katika maeneo mengi ambako watu wanaishi pamoja na nguruwe wanaozurura, tegu huyu ndiye chanzo cha kifafa kwa wagonjwa wapatao 30 katika kila 100.

Kisa kimoja cha mbali kinafanana mno na maisha yetu. Huko Indonesia, katika milima ya Papua karibu na maziwa ya Paniai, watu hulima viazi vitamu na kufuga nguruwe, na kwa sababu ya baridi walizoea kulala kuuzunguka moto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu walianza kufika hospitalini wakiwa wameungua vibaya. Walikuwa wakianguka motoni usiku kwa kifafa. Waganga walipochunguza waligundua kuwa tegu alikuwa ameingia pamoja na nguruwe walioletwa kutoka kisiwa cha Bali. Nguruwe walikuwapo tangu zamani. Kilichokuwa kigeni ni tegu.

Sasa tutazame watu wenye makovu ya moto katika vijiji vyetu. Je, ni wangapi walianguka kwenye mafiga kwa kifafa? Na ni wangapi walicheleweshwa kuondolewa motoni kwa sababu waliokuwapo waliogopa kuambukizwa na povu? Kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa kumgusa mgonjwa. Wala si kurogwa.

Siri ya nyama ya bei nafuu

Jambo moja ni gumu kulisema, lakini lazima tuliseme. Mchuuzi anapofika kununua nguruwe humfungua kinywa na kupapasa ulimi. Akikuta vijifuko, hamnunui. Mwenye nguruwe ameshapoteza pumba zake na miezi yake ya kazi. Afanye nini? Baadhi humchinja usiku na kuwauzia majirani kwa bei ya chini.

Hatumlaumu mtu maskini kwa kuona uchungu wa hasara. Lakini fedha hiyo inamrudishia jirani tegu, na tegu huyo kesho anaweza kuwa kifafa cha mtoto wa muuzaji mwenyewe. Hasara ya nguruwe mmoja ni ya msimu mmoja. Tena, kupapasa ulimi peke yake hakutoshi, maana nguruwe mwenye vijifuko vichache hupita bila kugunduliwa. Nyama ikaguliwe na mtaalamu kabla ya kuuzwa.

Tufanye nini?

1. Kila nyumba iwe na choo cha shimo, na kitumiwe na wote, watoto pia. Tusisahau vibanda vya shambani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafanya Watanzania wengi mno wachimbe vyoo kwa mikono yao. Jembe lile lile bado tunalo.

2. Nguruwe afungiwe bandani mwaka mzima, hata baada ya mavuno. Mwulizeni bwana mifugo juu ya dawa ya minyoo, na muda wa kungoja kabla ya kuchinja.

3. Nyama ipikwe mpaka ndani isibaki na rangi nyekundu. Hata kitimoto cha kuchoma, mwambieni mchomaji akate vipande vidogo na asiharakishe.

4. Tunawe mikono kwa sabuni tukitoka chooni na kabla ya kupika na kula. Mboga na matunda yaoshwe kwa maji safi.

5. Ukiona vipande vyeupe kama utepe katika choo chako, nenda zahanati. Dawa ipo. Usiinunue dukani na kuinywa kwa kubahatisha, kwa sababu kwa mtu mwenye vijifuko katika ubongo inaweza kuleta degedege.

6. Mtu akianguka kifafa, mwondoe penye moto au maji, mlaze ubavu, mlegezee nguo shingoni. Usimtie kijiko kinywani, wala usimshike kwa nguvu. Kikizidi dakika tano, mpelekeni hospitali upesi.

7. Mgonjwa wa kifafa apelekwe kwa mganga wa hospitali. Dawa kama fenobabitoni hutumiwa kila siku na haiachwi ghafla. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, na watu waliokuwa wametengwa na jamii zao wakarudi kulima na kulea. Nyumbani, jiko liinuliwe kutoka chini au lizungushiwe ukuta mdogo.

Mengi katika haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji majirani wakubaliane, kwa maana choo cha nyumba moja hakitoshi ikiwa nyumba ya pili haina. Basi jumuiya ikikutana juma hili, tuulizane swali moja tu: katika nyumba zetu, ni ipi ambayo bado haina choo, na lini tutakwenda kuwasaidia kuchimba?