Tazama Kabla ya Kumwaga Maji

Siku ya kwanza tu ya kumeza dawa za kifua kikuu, mgonjwa huingia chooni akatoka na hofu. Mkojo umekuwa rangi ya chungwa, kama maji yaliyochemshiwa ukindu wa mkeka. Machozi na jasho navyo huweza kugeuka hivyo. Asiyeambiwa mapema hudhani figo zake zinaharibika, na wapo wanaoacha dawa kwa sababu hiyo peke yake. Kumbe ni rifampisini, dawa iliyo nyekundu tangu kiwandani, inayotoka mwilini na rangi yake. Rangi hiyo haidhuru. Linalodhuru ni kukatisha matibabu ya miezi 6. Lakini macho ya mgonjwa huyohuyo yakiwa ya njano na mkojo ukawa mweusi kama chai ya mkandaa, hapo ini huenda limelemewa, na anapaswa kurudi kliniki siku hiyohiyo.

Kwani mkojo hupata wapi unjano wake wa kila siku? Kwenye damu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwavunjwa, na himoglobini iliyomo hugeuka bilirubini. Ini huimwaga bilirubini kwenye utumbo pamoja na nyongo, bakteria wa humo huibadilisha, na sehemu yake hurudi kwenye damu hadi figo zinapoitoa ikiwa urobilini, ambayo ndiyo rangi yenyewe. Kimeng'enya ambacho bakteria hao hutumia kuanza kazi hiyo kilitambuliwa juzijuzi tu, mwaka 2024, na watafiti wa Marekani.

Rangi hiyo hutengenezwa kwa kiasi kisichopanda wala kushuka sana. Kinachobadilika ni maji. Figo huchuja kama lita 180 kwa siku na kuyarudisha karibu yote mwilini. Zinazotoka ni lita 1 au 2. Jua likikausha mwili, ubongo hutoa homoni ya vasopresini, nazo figo huyabana maji zaidi. Rangi ileile ikiwa ndani ya maji machache hukolea. Ndiyo hesabu iliyomwongoza Lawrence Armstrong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Connecticut walipochapisha mwaka 1994 chati ya rangi 8, kutoka njano iliyofifia kama maji ya ndimu hadi kijani chenye hudhurungi.

Wanaohitaji chati hiyo kuliko wote ni watu wanaojinyima maji makusudi: dereva wa bodaboda asiyejua atapata choo wapi, konda, mama lishe, mwanafunzi wa shule ambayo choo chake hakiingiliki. Mkojo uliokolea miezi nenda miezi rudi huandaa mawe ya figo. Ule wa alfajiri usimtishe mtu, kwa kuwa usiku kucha hakunywa kitu. Autazame wa mchana. Na akimeza vidonge vya vitamini B akaona njano inayong'aa, hiyo ni vitamini iliyozidi inatoka.

Hata hivyo mkojo mweupe nao hudanganya, na hapa ndipo wazazi wa watoto wenye selimundu wanapaswa kuelezwa vizuri kuliko inavyofanyika sasa. Ndani kabisa ya figo oksijeni ni kidogo; chembe za damu hujikunja pale kama mundu, huziba mishipa midogo, na figo hupoteza uwezo wa kubana maji. Mtoto anaweza kuwa amekaukiwa huku mkojo wake ukiwa maji matupu. Kukaukiwa huko kunaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Mtoto huyu apewe maji kwa ratiba, bila kungoja rangi iseme. Vivyo hivyo mtu mzima anayekojoa sana, mkojo mweupe, huku kiu haikatiki na mwili unakonda: akapime sukari.

Kisha kuna nyekundu. Bitiruti zinaweza kuileta na ikapita. Ila damu ya kweli, hata isiyouma, hata ikionekana mara moja tu, haifai kupuuzwa, hasa kwa mtu wa makamo, kwa maana saratani ya kibofu huweza kuanza hivyo.

Kwa mtoto anayeoga mtoni au kuvuka mabonde ya mpunga, wa kwanza kushukiwa ni kichocho, ugonjwa ambao minyoo yake iligunduliwa na daktari Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Mayai yenye mwiba hutoboa ukuta wa kibofu, na damu hutoka mwishoni mwa haja. Mahali penye maambukizi mengi watu waliwahi hata kuiona kuwa dalili ya kijana kukua. Unguja na Pemba zimekipunguza sana kichocho kwa kugawa dawa ya prazikwanteli shuleni na mitaani, kuua konokono wanaokibeba na kuwafundisha watoto. Shuleni hakuna haja ya mizani: mtoto husimama kando ya fimbo yenye alama, na urefu wake ndio unaosema ameze vidonge vingapi.

Upimaji wa kichocho nao una saa yake. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo mtaalamu wa maabara humwambia mtoto arukeruke kwanza uwanjani, ndipo ampe kikopo, na kumsisitizia asiyaache matone ya mwisho.