Hofu Isiyolala: Kiwewe cha Mtoto na Ulevi wa Kijana

Vuta kiti, hata kama sufuria iko motoni.

Chukua mfano wa kijana ambaye pengine unamfahamu wa aina yake. Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, alikuwa na miaka saba. Aliona nyumba ya jirani ikiteketea. Akashikwa mkono usiku, wakakimbia. Watu zaidi ya 1,100 walifariki katika ghasia zile na mamia ya maelfu wakahama makwao. Yeye alitoka bila hata mkwaruzo, na watu wazima wakasema, "Ni mtoto huyo, atasahau." Leo ni mtu mzima na hapitishi siku bila chang'aa. Wengine wanasema ni tabia mbaya, wengine wanasema amerogwa.

Hebu tutazame ndani ya kichwa chake. Kuna sehemu ndogo ya ubongo, ndogo kama haragwe, iitwayo amigdala. Kazi yake ni kama ya mbwa wa boma. Ikinusa hatari hubweka: moyo unadunda, misuli inakaza, mwili unamwaga homoni za hofu kama adrenalini na kotisoli. Hiyo ni kazi njema, maana ndiyo iliyomsaidia kukimbia usiku ule. Mwenye boma naye ni sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Yeye ndiye anayetoka na tochi, akaona ni paka tu, akamwambia mbwa anyamaze. Lakini sehemu hiyo hukomaa polepole, hadi mtu afikie kama miaka 25.

Mtoto akitishwa vibaya, hasa akitishwa tena na tena, mbwa huyu anaweza kuzoea kubweka. Mlango ukigongwa, anabweka. Moshi wa jirani anayechoma takataka, anabweka. Usiku halali. Na si lazima iwe vita. Kupigwa kila siku, kunajisiwa, kumwona baba akimpiga mama, au kufiwa na mzazi kunaweza kuleta hayo hayo.

Sasa siku moja, akiwa na miaka 15, rafiki anampa kikombe. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mbwa ananyamaza. Mama, hapa ndipo sisi wazazi tunapokosea. Tunadhani anatafuta raha, kumbe anatafuta usingizi. Kileo kikiisha mwilini, mbwa huamka na kubweka kwa nguvu kuliko jana. Ubongo nao huzoea, unadai kikombe cha pili, kisha cha tatu, na mambo mengine yaliyokuwa yakimfurahisha, kama mpira au chakula kizuri, yanapoteza ladha.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 uliwauliza maelfu ya watu wazima kuhusu utoto wao. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso au misukosuko ya nyumbani walikuwa katika hatari kubwa mara kadhaa ya kuwa walevi au kutumia dawa za kulevya, kuliko wale ambao hawakupitia hata moja. Hiyo haina maana kwamba kila mtoto aliyeumia atalewa. Wengi hawalewi, na mara nyingi alikuwepo mtu mzima mmoja mtulivu aliyekaa karibu naye.

Kwa hivyo fimbo haitibu hapa. Fimbo ni hatari nyingine, na mbwa anaijua. Mtoto anayekojoa kitandani baada ya tukio baya, anayeshtuka ovyo au kupiga wenzake, usimcheke. Mpe saa moja ya kulala kila siku, kaa naye hadi alale, na akitaka kusimulia, sikiliza. Asipotaka, usimlazimishe. Na wewe mama je? Usiku ule nawe ulikuwepo. Kama hulali, nenda kituo cha afya uombe kuonana na mshauri. Mtoto hujifunza utulivu kutoka kwa mwili wako.

Kama kijana tayari anakunywa sana kila siku, tafadhali usimfungie chumbani ili aache ghafla. Anaweza kutetemeka, kupata kifafa, hata kufariki. Mpeleke hospitali, aache chini ya uangalizi. Na mhudumu akiandika historia yake, mwambie pia ya 2008, usiishie kwenye chupa.

Simu ya bure ya NACADA ni 1192. Kwa mtoto aliye hatarini, piga 116, pia ni bure. Ziandike nyuma ya kadi ya kliniki. Juma lijalo, tutazungumza na akina baba.