Wakala wa Dhamana Ana Mamlaka Gani?

Mshtakiwa akipangiwa dhamana ya dola 20,000 huko California, akiwa nazo atazilipa mahakamani, na kesi ikiisha akiwa amehudhuria kila alipoitwa, atarudishiwa. Asipokuwa nazo, ndugu zake huenda kwa wakala wa dhamana. Hulipa kama asilimia 10, yaani dola 2,000, na wakala, akiwa na kampuni ya bima nyuma yake, huiahidi mahakama kwamba mtu huyo akitoroka, yeye wakala atalipa dhamana yote. Dola 2,000 hizo ni ada. Hazirudi hata kesi ikifutwa wiki ijayo.

Kwa msomaji aliyezoea mahakama za kwetu, jambo hili ni geni. Mdhamini tunayemjua ni mjomba mwenye hatimiliki ya shamba, au jirani mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, na hapati kitu. Uingereza, ambako Wamarekani walirithi sheria hii, ni kosa la jinai tangu Sheria ya Dhamana ya 1976 kukubaliana kumfidia mdhamini hasara yake. Marekani ilishika njia nyingine. Mwanzo wa biashara hiyo hutajwa kuwa San Francisco mwaka 1898, kwa ndugu wawili wa ukoo wa McDonough.

Mamlaka yenyewe hutajwa zaidi kupitia kesi ya Taylor v. Taintor, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani katika kikao cha 1872. Mtu mmoja alidhaminiwa Connecticut, akaenda New York, akakamatwa huko na kupelekwa Maine kwa shtaka jingine. Wadhamini wake wakaomba wasamehewe fedha, wakakataliwa. Lakini katika kueleza sababu, majaji walisema pia kwamba mdhamini aweza kumkamata mtu wake wakati wowote, kumfuata jimbo jingine, hata kuvunja mlango wa nyumba yake, bila hati mpya ya mahakama. Hayo hayakuwa ndiyo yaliyobishaniwa, ila ndiyo yaliyodumu. Mantiki yake ni kwamba mshtakiwa hakuachwa huru kabisa: ametolewa mikononi mwa askari jela akakabidhiwa mdhamini, naye ameridhia kwa saini yake.

Kwa hiyo polisi anayehitaji kibali cha hakimu ili aingie ndani anaweza kujikuta ana uwezo mdogo kuliko mfanyabiashara mwenye mkataba. Kwangu mimi hilo halieleweki, hata likitetewa kwa historia.

Mipaka ipo. Saini ya mshtakiwa haifungui mlango wa mtu mwingine. California inataka aliyekamatwa afikishwe mbele ya hakimu au polisi ndani ya saa 48. Kentucky, Wisconsin, Oregon na Illinois zimekataa biashara hii, na Illinois ilifuta dhamana ya fedha kabisa Septemba 2023. Nje ya Marekani mkataba huo haumpi mtu ruhusa ya kukamata. Mwaka 1981 wasakaji wawili wa watoro wa dhamana walimteka mtu Toronto wakampeleka Florida. Kanada iliomba ikabidhiwe wasakaji hao, wakapelekwa huko na kuhukumiwa. Mwaka 2003 msakaji Duane Chapman, maarufu kama Dog, alimnasa mtoro Andrew Luster huko Puerto Vallarta, na polisi wa Mexico wakamkamata Chapman mwenyewe.

Hata hivyo, anayepaswa kuogopa zaidi mkataba wa dhamana ni ndugu anayesaini pembeni, kwa mfano binamu aliyeko Columbus au Minneapolis anayepigiwa simu usiku. Mara nyingi mkataba humfanya alipe dhamana yote mshtakiwa akitoroka, pamoja na gharama za msako, na nyumba yake huweza kuwekwa rehani. Wakala pia anaweza kumrudisha mshtakiwa jela kabla hajakosa tarehe yoyote, kwa mfano kwa sababu amehama bila kuarifu. California, akimrudisha bila sababu nzuri, mahakama inaweza kuamuru ada irejeshwe, yote au sehemu yake. Wachache hudai.

Kabla ya kusaini, uliza wajibu wako unaisha lini hasa, maana kesi huweza kuahirishwa miaka. Na kesi ikiisha, omba nakala ya amri ya mahakama inayoifuta dhamana, kisha hakikisha mwenyewe kwamba rehani imeondolewa kwenye masijala ya ardhi.