Istilahi za Kutuliza Maumivu Baada ya Upasuaji

Mfasiri anayekabidhiwa karatasi ya maelekezo kwa wagonjwa waliopasuliwa huweza kukutana na maelezo ya namna hii: dawa fulani hutuliza maumivu, lakini pia huweza kuathiri kinga ya mwili. Maneno yake yaonekana mepesi. Hata hivyo, yakifasiriwa ovyo, mgonjwa atakayeyasoma anaweza kuikataa dawa inayomfaa. Basi yafaa tueleze kwanza jambo lenyewe, ndipo tuyapime maneno.

Mwili unapokatwa, sehemu iliyojeruhiwa hutoa kemikali, zikiwamo prostaglandini, ambazo huzifanya neva ziwe nyepesi zaidi kuhisi maumivu. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia prostaglandini zisitengenezwe. Mofini, ambayo asili yake ni afyuni, hufuata njia nyingine: hushika vipokezi vilivyomo katika ubongo na uti wa mgongo, na kuzuia habari za maumivu zisipite.

Katika majaribio ya maabara na ya wanyama, mofini imeonekana kupunguza nguvu za baadhi ya chembe nyeupe za damu, hasa zile zinazoua chembe zilizoingiliwa na virusi au zilizogeuka kuwa saratani. Lakini upasuaji wenyewe, pamoja na maumivu yasiyotulizwa, huuchochea mwili kutoa homoni kama kotisoli, ambazo nazo hudhoofisha kinga. Tena, aliyepasuliwa tumbo akiumwa mno huogopa kukohoa na kuvuta pumzi ndefu. Makohozi hukaa mapafuni, na nimonia huweza kumpata. Kwa hiyo kumnyima mgonjwa dawa si kuilinda kinga yake. Ndiyo maana madaktari wengi huchanganya dawa za aina mbalimbali, ili mofini itumike kwa kiasi kidogo. Kuhusu iwapo uchaguzi wa dawa hubadili hatari ya maambukizo au ya saratani kurudi, utafiti juu ya binadamu haujatoa jibu moja.

Sasa tuyatazame maneno.

Kwanza, *upungufu wa kinga*. Kisarufi maneno haya hayana kosa, lakini tayari yamo katika jina la UKIMWI. Mgonjwa akisoma kwamba dawa "huleta upungufu wa kinga", ataelewa jambo zito kuliko lililokusudiwa. Afadhali kusema *kudhoofika kwa kinga kwa muda*.

Pili, *kasumba*. Neno hili lina maana ya afyuni, lakini siku hizi husikika zaidi likitajwa kwa fikra mbaya zilizomwingia mtu. Halifai katika maelekezo ya dawa. *Dawa za jamii ya afyuni* ni maneno yaliyo wazi, wala hayamtukani anayezitumia.

Tatu, *kiuamaumivu*. Neno hili laweza kuundwa kwa kufuata mfano wa *kiuavijasumu*. Lakini kilichouawa hakirudi, na maumivu hurudi dawa inapokwisha nguvu. Aliyeahidiwa kwamba maumivu yatauawa, akiyahisi tena usiku, huenda akadhani upasuaji wake umeharibika. *Kitulizamaumivu* hueleza ukweli.

Kwa ufupi, twapendekeza matumizi haya:

*Kitulizamaumivu*: dawa ipunguzayo maumivu bila kumpoteza mtu fahamu.

*Ganzi*: hali ya sehemu ya mwili kutohisi, dawa yake ni *dawa ya ganzi*.

*Nusukaputi*: dawa impotezayo mgonjwa fahamu wakati wa upasuaji. Isichanganywe na *dawa ya usingizi*, anayopewa mtu asiyepata usingizi.

*Kinga ya mwili*: uwezo wa mwili kupambana na maradhi. Isichanganywe na *chanjo*, ambayo huuzoeza mwili kupambana na maradhi fulani.

Mfasiri akimaliza kazi yake, na amsomee mtu asiye mganga, kisha amwulize: "Ukiumwa usiku, utafanya nini?" Akijibu kwamba atamwita muuguzi, tafsiri imefaulu. Akijibu kwamba atavumilia ili kinga yake isiharibike, kazi na irudiwe.